Anayehamia gari-nyumba aanze kwenye mizani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo moja kwa wale wanaofikiria kuachana na fleti na kuhamia moja kwa moja kwenye gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko, choo na matangi ya maji ndani yake. Mimi na mke wangu tulihama hivyo baada ya kustaafu, na huu ni mwaka wetu wa tatu. Hatujuti hata kidogo. Ila naona mazungumzo mengi kuhusu maisha haya huishia kwenye nafasi: kabati lina droo ngapi, kitanda kinakunjwaje, masufuria yanaingianaje. Nafasi mtu huizoea. Kinachowatesa wengi ni uzito, na sisi tulilijua hilo tukiwa tumekwisha kukabidhi funguo za fleti.

Kila gari-nyumba lina uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa. Letu mwisho wake ni kilo 3,500, kikomo kilichozoeleka kwa magari mengi ya aina hii kwa sababu leseni ya kawaida ya daraja B barani Ulaya imekuwa ikiishia hapo kwa miaka mingi. Gari likiwa tayari kwa safari, nyaraka zilisema lina kilo 3,040. Aliyetuuzia alituonyesha vitanda vinne, viti vinne vyenye mikanda, na sehemu ya mizigo huko nyuma ambayo mtu mzima anaingia akiinama kidogo, akatuhakikishia kwamba vitu vyetu vyote vitaenea. Vilienea kweli. Jambo ambalo hakulisema, nasi hatukuliuliza, ni kwamba tulikuwa tumebakiwa na kilo 460 tu, na kwamba sehemu kubwa ya hizo zilikuwa zimeliwa kabla hatujapakia hata kijiko.

Hesabu yenyewe ni hii. Uzito ule wa kwenye nyaraka ulikuwa umemhesabu dereva kwa kilo 75, lakini haukumhesabu mke wangu mwenye kilo 70, wala turubai la kivuli la ubavuni lenye kilo 35, wala betri ya pili ya kilo 25, wala paneli za jua pamoja na vyuma vyake, kilo 30, wala baiskeli mbili na kibebeo chake, kilo 50. Jumla ni kilo 210. Maji nayo yalikuwa yamehesabiwa lita 20 peke yake, ilhali tangi letu lina lita 120, na lita moja ya maji ni kilo moja. Ukilijaza umeongeza kilo 100. Zinabaki kilo 150 kwa nguo, vyombo, chakula, zana, vitabu, matandiko na kila kitu ambacho watu wawili wamekikusanya kwa miaka zaidi ya thelathini.

Tulipofika kwenye mizani, tukiwa tumepakia kila tulichokiona cha lazima, tulisoma kilo 3,710. Kijana aliyekuwa zamu alitazama namba ile, akanitazama mimi, akasema kwa upole, "Mzee, rudisha gari nyuma kidogo tupime magurudumu ya nyuma peke yake." Yalikuwa yamebeba kilo 2,190, na ekseli ile, yaani mhimili unaobeba magurudumu ya nyuma, mwisho wake ni 2,000. Nilishika usukani nikakaa kimya, kwa maana tulikuwa tumetoka kwenye barabara kuu, kwa mwendo wa barabara kuu.

Hili la ekseli ya nyuma ndilo ningependa lieleweke vizuri kuliko yote. Mzigo unaokaa nyuma ya magurudumu ya nyuma hufanya kazi kama mtoto aliyekalia ncha ya ubao wa pembea: ncha yake inashuka na ya pili inapanda. Kwa hiyo kilo 50 za baiskeli zinazoning'inia huko nyuma huibebesha ekseli ya nyuma zaidi ya kilo 50, na ziada hiyo inatolewa kwenye magurudumu ya mbele. Gari likiwa ni la kuvutwa na magurudumu ya mbele, kama letu, magurudumu hayohayo ndiyo yanayolisukuma mlimani na kuliongoza kwenye kona, na sasa yanakanyaga kwa wepesi. Matairi ya nyuma nayo yanazidiwa, yanapata joto, na tairi lililozidiwa likiwa na upepo pungufu hupasuka. Wala usidanganywe na kashata nzuri, yaani mikato ya juu ya tairi, maana magari haya hukaa sana yameegeshwa na tairi huzeeka kabla ya kwisha. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT kwenye ubavu wake: 1419, kwa mfano, ni wiki ya 14 ya mwaka 2019.

Tulilala palepale karibu na mizani, na asubuhi tukaanza kuteremsha. Vitabu, maboksi matatu, kilo 54. Sanduku langu la zana, kilo 28, ambalo nililirithi na ambalo niliona uchungu kuliachia. Baiskeli na kibebeo chake. Sahani za udongo, kilo 12. Kisha tukakubaliana kusafiri na lita 30 za maji na kujaza tangi tukishafika, jambo ambalo peke yake lilipunguza kilo 90. Cherehani ya mke wangu ni ya chuma, nzito, na nilikuwa tayari nimeishika nikiipeleka nje. Aliniambia kwamba kama inatoka hiyo, basi na yeye anateremka. Tuliihamishia mbele, chini ya kiti, ikafungwa kwa mikanda. Tulipopima tena tulikuwa kilo 3,476, nyuma 1,930.

Mambo mengine ya kuhama yana taabu zake, lakini yanatatulika kwa karatasi na subira. Anwani ya kudumu itahitajika kwa benki, leseni na daktari, basi itafutwe mapema. Bima isomwe neno kwa neno, kwa kuwa nyingi huandikwa kwa gari la likizo na si kwa watu wanaoishi humo mwaka mzima.

Ombi langu kwa wauzaji ni dogo. Katika tangazo, pale panapoandikwa idadi ya vitanda, paandikwe pia kilo zinazobaki baada ya kuhesabu vifaa vyote vilivyofungwa kwenye gari hilo hilo, si kwenye gari la mfano. Mnunuzi naye adai gari lipimwe mbele ya macho yake kabla ya kulipa. Na anayemiliki au kupanga fleti asiiache siku hiyohiyo. Apakie gari, alipime likiwa limejaa, aishi humo majira mawili, moja la joto na moja la baridi, huku nyumba ikiwa bado inamsubiri. Vitu vichaguliwe wakati kuna mahali pa kuvirudisha. Sisi tulichagua vyetu kando ya barabara kwa saa tatu, mvua ikianza kunyesha, na mke wangu akimpigia simu dada yake kumwomba aje na gari kuchukua maboksi ya vitabu kabla hayajalowa.

Msomaji wako,
Mstaafu anayeishi katika gari-nyumba