Fundi wa saa ya maji

Tanga, Jumapili usiku

Fundi wangu,

Salaam nyingi kwako na kwa wa kwako wote hapo Mwanza. Sisi wazima, ila mvua imetuchosha na umeme umekatika tangu magharibi. Nakuandikia kwa taa ya kuchaji. Usinicheke. Nilijaribu kukutumia kwa sauti kwenye simu, nikajisikiliza nabwabwaja, nikafuta.

Nimeona filamu ya Kikorea. Najua umeshaguna. Wewe za Kikorea ulizimaliza zamani zile tukikodi CD na kukesha, ukasema umechoka na mapanga na malkia wa kutia watu sumu. Hii inaitwa Cheonmun, ilitoka Desemba 2019, mwongozaji Hur Jin-ho. Mfalme ni Han Suk-kyu, fundi ni Choi Min-sik. Na huyo fundi ni fundi saa, ndiyo maana usiku wote niliutazama uso wake nikaona wako.

Jina lake Jang Yeong-sil, na alikuwepo kweli. Alizaliwa mtumwa wa serikali kule Dongnae, upande wa Busan ya leo, kwa sababu mama yake alikuwa gisaeng, mwanamke wa kutumbuiza wakubwa, na mtoto alifuata hali ya mama. Mfalme Sejong, aliyetawala 1418 hadi 1450, akaipenda kazi ya mikono yake. Akampeleka China kutazama vyombo vya nyota, akamtoa utumwani, akampa cheo. Wakubwa wa baraza wakanuna, unawajua wakubwa.

Sasa sikiliza hii saa ya maji aliyomtengenezea mfalme, maana hapa ndipo nilipokutaka. Ilianza kazi mwaka 1434 ndani ya kasri la Gyeongbokgung. Maji yanadondoka kutoka mitungi mikubwa ya juu hadi midogo, kisha yanaingia kwenye mapipa marefu membamba. Ndani ya pipa kuna kijiti kinaelea. Maji yakipanda, kijiti kinapanda, na kila kikifika kituo chake kinasukuma gololi ya shaba ndogo kama risasi. Gololi inabingirika, inafungulia tufe la chuma la ukubwa wa yai la kuku, na uzito wa hilo tufe ndio unaovuta mkono wa mwanasesere wa mti. Mmoja anagonga kengele kila saa ikitimia, mwingine anapiga ngoma kwa zamu za usiku, wa tatu anapiga upatu. Na mwingine anainuka kutoka chini ameshika kibao chenye jina la saa. Siku nzima kwao ilikuwa na saa 12 tu, kila moja sawa na mbili zetu, zenye majina ya wanyama. Saa ya Farasi, kwa mfano, ni kuanzia saa tano mpaka saa saba mchana. Mwaka huohuo waliweka barabarani saa ya jua, bakuli lililochorwa wanyama hao, ili asiyejua kusoma naye aangalie kivuli kimemwangukia nani.

Ila kilichonishika ni sababu ya kuitengeneza. Kabla yake kulikuwa na mtu anakesha akitazama maji yanavyopanda, kisha anatangaza saa. Milango ya jiji inafungwa na kufunguliwa kwa neno lake. Akisinzia, akikosea, adhabu nzito. Mfalme mwenyewe alikuwa na mfano mkononi: mwaka 1422 jua lilipopatwa, ofisa aliyepiga hesabu ya kupatwa huko alikosea kwa kama robo saa, akachapwa. Na hesabu yenyewe ilifuata kalenda ya China, ya anga la China! Sejong akaona mtu anaadhibiwa kwa usingizi, bora kazi ifanywe na kitu kisichosinzia.

Weka hapo, nitarudi.

Kuna usiku mmoja ndani ya filamu mfalme anataka kuona nyota, na nje mvua inanyesha hivihivi kama hapa kwangu. Fundi anachukua wino, anaupaka mlango wa karatasi mpaka unakuwa mweusi tii. Anatoboa vitundu, anaweka mwanga nyuma. Mfalme anasimama gizani na kuziona nyota zake mlangoni. Nilirudisha nyuma mara tatu. Vidole vyeusi vya wino vile, na mfalme mzima anavitazama kama mtoto anayesubiri andazi.

Halafu mwaka 1442. Fundi alisimamia utengenezaji wa gari la kumbebea mfalme, nalo likavunjika. Filamu inaanzia hapo, mvua na matope. Kumbukumbu za kifalme zinasema kwa kifupi tu kwamba halikuwa imara. Akakamatwa, akahojiwa, ikapendekezwa viboko 100. Mfalme akapunguza, vikawa 80. Baada ya hapo jina la Jang Yeong-sil halionekani tena katika kumbukumbu hizo. Mtu aliyempa nchi saa haijulikani alikufa lini wala wapi.

Utasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nami nilianza kusema hivyo, nikajizuia, maana nilikumbuka siku yule mzee aliporudisha saa yake ya ukutani kibandani kwako, akakufokea mbele ya wateja, na wewe ukarudisha hela bila neno ilhali ulikuwa umeitengeneza bure mara mbili kabla.

Filamu ina jibu lake kuhusu ile adhabu. Inataka tuamini mfalme alikuwa anaficha jambo kubwa zaidi, hofu ya kuiudhi China na zile herufi mpya za Kikorea alizozitangaza 1446. Limetungwa vizuri, na Han Suk-kyu analia vizuri, lakini mimi halijaniingia. Yeye ndiye aliyewahurumia walinzi wa saa. Ilipofika zamu ya rafiki yake, huruma ikawa viboko 20.

Saa yenyewe haipo. Mitungi iliyobaki ni ya nyingine iliyotengenezwa 1536. Mwaka 2007 wakaunda upya ya Jang, ikawekwa makumbusho ya Seoul, ikawa inapiga kengele. Nami nina swali la kifundi: zile gololi hazikwami? Maji ya mvua yana mchanga, shaba inashika kutu ya kijani, na saa ya usiku hakuna wa kugongagonga kwa kidole kama ufanyavyo wewe.

Filamu nimekuhifadhia kwenye flashi. Na ile saa yangu ya mkono ni mwezi wa nne sasa iko kwako. Ukija Tanga njoo nayo, hata kama bado haitembei. Sitakuchapa.

Wako,
jirani yako wa zamani