Babu yangu keya hakuwa kibaraka

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu nilipoanza kufundisha mwaka 1983, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kuandika barua kwenye ukurasa huu. Leo naandika kwa sababu ya taarifa yenu ya Siku ya Mashujaa, ile iliyosema kwamba wanaostahili kukumbukwa kila Julai 25 ni waliopigana chini ya bendera ya Taifa peke yao, na kwamba waliovaa sare za Mjerumani na Mwingereza walikuwa vibaraka. Niliisoma nikiwa nimeketi barazani hapa Isevya, Tabora, nikaisoma tena, na mara ya pili ilinibidi nivue miwani.

Ningependa mwandishi wenu ajue amewasema akina nani. Baba wa babu yangu alikuwa mpagazi. Septemba 1916, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalipoukaribia mji wa Tabora na Mjerumani akaamua kuuhama, yeye alitwishwa mzigo akaondoka na msafara kuelekea kusini. Wabelgiji waliingia mjini tarehe 19 ya mwezi huo. Yeye hakurudi, wala hakuja mtu wa kutuambia alilala wapi, na mkewe alikaa matanga bila kuona maiti. Hakuna aliyemuuliza kama anaitaka vita hiyo. Huko Dar es Salaam watu wanauza na kununua kila siku Kariakoo, mahali palipopata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Mwingereza wa vita hiyohiyo, na katikati ya jiji imesimama Sanamu ya Askari tangu mwaka 1927. Ikiwa Taifa limeweza kukaa na jina hilo na sanamu hiyo bila kuona haya, sielewi kwa nini gazeti lione haya.

Mwanawe, ambaye ndiye babu yangu mzaa baba, alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Mwingereza. Alipelekwa Bama (Burma, ambayo leo ni Myanmar) pamoja na wenzake wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakalishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa za huko, na Desemba 1944 wakafika Kalewa, kando ya Mto Chindwin. Wazee wa Tabora wanalijua jina hilo, kwa kuwa kambi ya hapa kwetu enzi za Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika baada ya uhuru, iliitwa Kalewa. Januari 1964 askari wake nao waliingia katika maasi yaliyoanzia kambi ya Colito, Dar es Salaam, jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Babu alirudi na kovu begani na nishani moja ya nyota ya madini ya manjano, yenye ncha sita na utepe wa buluu uliokolea wenye mstari mpana mwekundu katikati. Ninayo mpaka leo, nimeifunga katika kipande cha kaniki ndani ya kopo la majani ya chai. Ukiigeuza nyuma ni wazi kabisa, hawakuandika jina lake.

Baba yangu alikuwa mgambo. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978 na Mwalimu Nyerere akatangaza vita, alipanda treni ya Mwanza akiwa na umri wa miaka 40, na hakuiona Kampala ilipokombolewa Aprili 11, 1979. Amezikwa Kaboya, wilayani Muleba. Mama ameweza kufika huko mara moja tu.

Sasa nieleze kilichonitoa kwenye ukimya wangu. Julai 25 mwaka huu nilimpeleka mama, mwenye umri wa miaka 83, kwenye hafla ya kumbukumbu isiyo mbali na kwetu, ambako tulitangaziwa kwamba kila familia ilete majina ya mashujaa wake yasomwe mbele ya watu. Nilikuwa nimeyaandika usiku kwa mwandiko wangu wa ubaoni, majina matatu, kila moja na mwaka wake na vita yake. Kijana aliyekaa mezani aliyasoma, akauliza keya ni nini, nikamweleza kwa upole kama ninavyomweleza mwanafunzi, kisha akachukua kalamu yake ya buluu akayakata majina mawili ya juu, kila moja kwa mistari miwili, akasema hao walikuwa wa mkoloni. Alifanya hivyo mama akiwa amesimama mbele yake ameegemea fimbo, kwa sababu viti vya chini ya turubai vilikuwa vya wageni waalikwa na wajane walikuwa wameachiwa jua. Mama hakupandisha sauti. Alimwambia, "Mwanangu, huyu uliyemkata ndiye aliyemzaa huyu uliyemwacha." Kijana alitazama orodha yake akaita familia inayofuata. Mhariri, nimefundisha watoto wa mji huu zaidi ya miaka 30, nimetukanwa na wazazi na nimecheleweshewa mishahara, lakini sijapata kuumia kama nilivyoumia kwa ile mistari minne ya kalamu. Halafu siku mbili baadaye nafungua gazeti lenu nakuta mmeyachapa maneno ya kijana yule kana kwamba ndiyo historia.

Nisisahau na hawa wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita mitaani na mikokoteni na mizani. Mwaka jana mjukuu wa jirani yangu alipima nishani mbili za marehemu babu yake pamoja na sufuria iliyotoboka, akalipwa kwa kilo. Bibi yake aligundua jioni, na mkokoteni ulikuwa umekwisha kwenda. Nilimkemea kijana, lakini moyoni sikuweza kumlaumu sana, kwa kuwa nishani zile nazo hazikuwa na jina, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumsimulia ni za nani na zilitoka wapi.

Ninachokiomba hakihitaji bajeti. Kila ofisi ya kata iweke kaunta buku moja ya kwaya nne mezani kuanzia Julai 1, na familia zije kuandika jina la mtu wao, kijiji alikotoka, vita aliyokwenda na kama alirudi, awe askari, mpagazi, mgambo au mpishi wa kambi, na karani asiruhusiwe kukata neno. Julai 25 daftari hilo lisomwe asubuhi, kabla ya hotuba hata moja, wajane wakiwa wameketi kivulini, na likiisha kusomwa wapewe watoto wa shule waendelee kulisoma darasani. Nanyi mchapishe kurasa chache kila mwaka badala ya kutuambia nani alikuwa kibaraka.

Daftari la kata yetu nitalinunua mimi kwa pensheni yangu. Karatasi yenye mistari minne ya buluu ninayo bado, na majina mawili ya juu yanasomeka vizuri.

Mwalimu mstaafu,
Isevya, Tabora