Paneli ya sola juu ya gari ifungwe, isibandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nizungumze na mwandishi wa safu yenu ya magari. Aliandika juu ya kufunga sola kwenye paa la gari-nyumba, yale magari yenye kitanda, jiko na sinki ndani yanayopita hapa Arusha yakitokea Cape Town kuelekea Cairo. Makala ilisomeka vizuri. Ila ushauri wake mkubwa, kwamba mtu anunue paneli nyembamba inayopinda, aipake gundi kwa chini na kuibandika moja kwa moja juu ya bati la gari, umeanza kuniletea wateja, na wanakuja na gazeti mkononi. Mimi ni fundi umeme wa magari, mtaa wa Unga Limited. Mikononi mwangu hupita magari ya kampuni za safari na haya ya wageni. Nimeona ninayowaambia pale gereji niyaseme na hapa.

Nianze na barabara, maana jua tunalo la kutosha. Ukishapita lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, ukauzunguka ukingo wa kreta na kuteremkia tambarare za kuelekea Naabi Hill, lango la Serengeti, chini ya magurudumu una mikunjo kama ya bati la nyumba. Kila dereva wa safari anaijua njia ile. Ukienda polepole gari linakusaga mifupa, ukikimbiza linaelea kidogo lakini kila nati inaimba. Sasa chukua seli ya sola, yaani kipande cha silikoni chenye unene usiofika robo ya milimita, kiweke ndani ya plastiki laini, kibandike juu ya bati ambalo lenyewe linapiga ngoma, halafu ukipitishe pale kwenda na kurudi. Kwa macho paneli itaonekana nzima. Ndani seli zimeshapasuka nyufa nyembamba kama unywele, umeme unapungua mwezi hadi mwezi, na mwenye gari anailaumu betri. Paneli ya kioo yenye fremu ya alumini ni nzito, kweli, ya wati 100 huwa na kilo sita hadi nane. Lakini kioo hakipindi, na kwa sababu hakipindi, seli zinapona.

Kuna na suala la joto, ambalo makala haikuligusa kabisa. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli hupimwa maabara, seli zikiwa kwenye nyuzi joto 25. Juu ya paa la gari saa saba mchana, seli za paneli iliyobandikwa bila upenyo wa hewa zinafika nyuzi 65 bila shida, na zinaweza kupita hapo. Kila nyuzi moja inayozidi 25 inaondoa karibu asilimia 0.4 ya nguvu. Piga hesabu mwenyewe: paneli yako ya wati 200 imeshakuwa ya 170 kabla hujatoka getini. Joto hilohilo linashuka ndani, juu ya kitanda cha mwenye gari. Ukiinua paneli sentimita tatu hadi tano, upepo unapita chini yake, seli zinapoa, na paneli inakuwa mwavuli wa paa. Sijui kwa nini mtu aikatae faida hiyo ambayo hailipiwi chochote.

Sina ugomvi na gundi. Magari mengi yanayotoka Ujerumani na Uholanzi yana paa la faibaglasi, na huko wanabandika vishikizo vya pembeni kwa gundi ya magari kama Sikaflex, kisha paneli inafungwa juu ya vishikizo hivyo. Hiyo ni kazi safi, na kwenye lami ya kwao inadumu miaka mingi. Tatizo ni kwamba gundi haishiki gari, inashika rangi ya gari. Rangi ikibanduka, paneli inaondoka na gundi yake yote, na wewe unayefuata nyuma ndiye utakayeipokea kwenye kioo. Kwa hiyo kabla ya gundi lazima ukwaruze, ufute kwa spiriti, upake dawa ya kushikia, na ukimaliza uliache gari lilale mpaka gundi ikomae. Mteja anayesema anaondoka jioni hiyohiyo, mimi simpakii gundi. Kwa njia zetu huwa naongeza bolti zinazopenya, na bamba la alumini upande wa ndani ili zisichane paa.

Kwa Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo ndizo tunazo nyingi, huna haja ya kutoboa hata tundu moja. Gari lile lina mfereji wa mvua pande zote mbili za paa. Keria inakaa kwenye mfereji kwa vibano, paneli inakaa kwenye keria kwa bolti. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na nati ziwe zile zenye nailoni ndani, ambazo hazijifungui kwa mtetemo. Bolti ya kawaida kwenye fremu ya alumini inaanza kulika ilipogusana na fremu, na gari la Tanga au Bagamoyo, lenye chumvi hewani, linalika haraka zaidi. Kila baada ya safari, panda juu na spana ukague. Ni kazi ya dakika chache, na wakati uko hukohuko juu futa vumbi, ila asubuhi kabla kioo hakijapata moto.

Wapo wanaotaka paneli za nyumbani kwa kuwa ni rahisi kwa bei ukilinganisha na wati zake. Paneli moja ya wati 400 ina uzito wa kilo 20 na zaidi, urefu kama mita 1.7 na upana mita 1.1. Kwenye Fuso iliyojengewa nyumba mgongoni nitakufungia, nikishatengeneza fremu ya chini ya kuibeba. Kwenye Land Cruiser nitakushauri mbili ndogo. Halafu ujue paneli ya nyumbani inatoa volti 30 na kitu, na betri yako ni ya volti 12. Ukiipitisha kwenye kontrola (kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri) ya bei nafuu, aina ya PWM, ambayo huiburuta paneli hadi volti za betri, zaidi ya nusu ya ulichonunua kinapotea. Lazima upate kontrola ya MPPT, inayobadili volti za ziada kuwa chaji badala ya kuzipoteza, na ile nafuu ya bei inaanza kuyeyuka.

Nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu kweli. Makala ilisema kwa mfumo mdogo fyuzi si lazima, kwa kuwa paneli haiwezi kutoa umeme mwingi. Sentensi hiyo ni nusu kweli, na hatari yake imo kwenye nusu iliyobaki. Paneli ya wati 200 hata ukigusanisha nyaya zake inatoa ampea 10 na kidogo tu, basi. Lakini upande wa pili wa waya kuna betri, na betri ikipigwa shoti inasukuma mamia ya ampea bila kuuliza. Waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye kontrola unapita kwenye kingo za bati zinazotikisika kutwa nzima. Siku ganda lake likichubuka na shaba ikagusa bodi, ni moto, na uko kwenye gari lenye mtungi wa gesi, magodoro na mapazia. Fyuzi haiwekwi kwa ajili ya jua. Inawekwa kwa ajili ya betri, na ikae karibu kabisa na betri, si kule kwenye kontrola. Kwa wati 200 kwenye volti 12 mimi natumia waya wa milimita 6 za mraba na fyuzi ya ampea 25. Na ukifunga, betri ianze kuunganishwa kwenye kontrola, paneli ifuate. Ukifungua, paneli itangulie kutoka.

Juu ya kuinua paneli kwa miguu ili itazame jua, ambako makala ilitumia aya tatu, nina maneno machache. Miguu hiyo ina maana Munich, Ujerumani, ambako mwezi Desemba jua la saa sita mchana linapanda nyuzi 18 tu kutoka upeo wa macho. Arusha iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Hata Juni, jua likiwa limehamia kaskazini, saa sita liko juu nyuzi 63. Ilaze paneli, iache. Miguu ni uzito, ni kelele, na nyani wa kambi za Seronera, Serengeti, wataishughulikia kabla hujamaliza chai.

Kivuli ndicho cha kuogopa. Seli ndani ya paneli zimefungwa kwa mfululizo, kwa hiyo seli moja ikifunikwa, inazizuia wenzake. Kwenye paneli ya kawaida ya seli 36, kivuli cha ukubwa wa kiganja kinaweza kukunyima nusu ya umeme. Na sisi juu ya keria tunapenda kuweka tairi la akiba, madumu ya dizeli, antena na koleo. Panga paneli kwanza, mizigo ifuate. Mbili nikizifunga, nazifunga sambamba, ili moja ikiwa kivulini nyingine iendelee na kazi. Kisha kuna mgunga. Kila mtu akifika kambini analiingiza gari chini ya mgunga, na ana haki, jua ni kali. Jioni analalamika friji imezima. Friji ya lita 40 kwenye joto hula ampea-saa (kipimo cha umeme wa betri) 30 hadi 45 kwa siku, na paneli ya wati 200 iliyo juani kutwa inarudisha kama 60. Ukiiweka kivulini hesabu hiyo haipo. Kwa watu wa namna hiyo, na mimi ni mmoja wao, nashauri paneli ya pili ya kukunja, yenye waya wa mita kumi, ikae juani peke yake wakati gari limepumzika. Hapo ndipo ile paneli nyembamba ya mwandishi wenu ina kazi ya kufanya.

Wageni wanaofika kwangu Julai nawaambia pia wasihukumu sola yao kwa mawingu ya Arusha. Wakishavuka Karatu na kuteremka upande wa pili watanipigia simu ya shukrani. Ila jiko la umeme wasahau. Jiko la wati 2,000 kwa saa moja linakunywa umeme wa karibu siku tatu wa paneli ile ya wati 200.

Nasikia safu ijayo itakuwa juu ya betri za lithiamu. Kabla ya hapo, Mhariri, naomba ile sentensi ya fyuzi isahihishwe kwenye ukurasa uleule ilipotoka na kwa herufi za ukubwa uleule. Mwandishi akipenda, karibu sana Unga Limited. Aje asubuhi, nimpandishe juu ya keria na spana ya namba 13.

Fundi umeme wa magari,
Unga Limited, Arusha