Risala ya Walezi wa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu, Amu, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, mafundi na wanafunzi, assalaam alaykum.

Karibu Amu, mji wetu wa Lamu. Tunajua boti ya kutoka Mokowe, kule bara, haina huruma na nguo iliyopigwa pasi, kwa hiyo kufika kwako ni ihsani kubwa.

Kikundi hiki, cha kuwafunza wanafunzi kugeuza vipaji kuwa biashara, kilianzishwa na mafundi na walimu waliochoka kuona vijana wa chuo wakirudi likizo na vipaji vyao, wakashinda uwanjani Mkunguni bila shughuli. Historia yetu ni ndefu, tunaiacha hapo.

Mafanikio ni makubwa mno. Tuna cheti, muhuri, akaunti ya benki na bango hili lililo nyuma yako. Wanafunzi wamefunzwa kutaja bei bila kuona haya. Wanajua kuwa mchoro wa mtu unalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001, lakini nakshi za mababu si za kujiandikishia peke yako. Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Binti mmoja anapiga filamu fupi za mafundi wa jahazi kijijini Matondoni, mwenzake anauza kofia za mkono mtandaoni. Kazi hizi sisi tunaziita kampuni, na tunakuomba nawe uziite hivyo.

Mheshimiwa, shida yetu ni moja: hatuna pahali pa kufanyia kazi.

Mgeni rasmi aliyekutangulia alituahidi chumba, makofi yakapigwa. Aliyemtangulia yeye aliahidi chumba hichohicho. Hatuwataji, maana kumtaja asiyekuwepo ni kumsengenya. Lakini sisi tuliwaamini. Mwanafunzi wa usanifu majengo alichora mlango kwenye kompyuta, fundi wetu akauchonga kwa mbao za mbambakofi, mfaa wake, ule mti wa katikati, umejaa maua kutoka juu hadi chini. Mlango uko tayari. Umeegemezwa barazani kwa Mwenyekiti, umefunikwa turubai, na watoto wanajifichia nyuma yake. Chumba ndicho hakijafika.

Kwa sasa walezi wanafundishia barazani. Upepo wa chumvi unakula kompyuta, umeme ukikatika somo limekwisha. Yule binti wa filamu, kazi yake ikiwa nzito kwa mtandao wa simu, humpa nahodha diski aivushe Mokowe, ipande basi hadi Malindi, jamaa yake aipakie mtandaoni huko. Mteja Nairobi anauliza kwa nini video imechelewa. Ajibiwe maji yalikuwa yamekupwa? Hata jina la biashara husajiliwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, si kwa barua.

Tunaomba chumba kimoja katika majengo ya umma yaliyofungwa kufuli mjini humu, intaneti ya waya iliyolipiwa mwaka mzima, na sola yenye betri. Kompyuta tusipewe kwanza. Tuliwahi kuletewa, zikakaa ndani ya maboksi kwa kukosa pa kuziweka, mpaka aliyezileta akaja kuzichukua.

Tunakuomba pia, kwa heshima zote, usitujibu leo kwa kusema "nitalifuatilia". Neno hilo tunalo la kutosha. Utuambie ni ofisi gani, ni nani tumuone, na ni lini.

Nakala yako ya risala ina nafasi ya tarehe na sahihi. Kalamu anayo Katibu.

Ni sisi walezi na wanafunzi, Amu.