Risala ya klabu ya sayansi kwa mgeni rasmi: meno ya papa, samaki wa mawe na silikanti wetu

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzangu, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na shikamooni wote. Karibu Tanga mgeni rasmi, wenyewe wanasema waja leo waondoka leo, sie tunaomba tu usiondoke kabla hujaona sanduku letu la meno ya papa.

Klabu yetu ilianza kama masihara. Kuna mwenzetu baba yake anavua, siku moja akaja na taya la papa kwenye kiroba, darasa zima likanuka, mwalimu wa bayolojia badala ya kumtoa nje akasema haya hesabuni meno. Tukahesabu mpaka tukagombana, maana nyuma ya safu ya mbele kuna safu nyingine imelala inasubiri zamu, na nyuma yake nyingine, jino likidondoka la nyuma linasogea mbele, ndo papa mmoja anaangusha maelfu ya meno maishani mwake. Na mwili wake hauna mifupa kama ya changu, ni gegedu tupu, akifa inaoza mara nyingi haiachi kitu. Kwahiyo wanaotafiti papa wa zamani wanakutana na meno zaidi ya kingine chochote, na jino linasema mengi, jembamba kama sindano ni la kudakia samaki anayeteleza, pana lenye kingo kama msumeno ni la kukatia nyama, bapa ni la kuvunjia magamba ya kaa na chaza. Papa mkubwa kuliko wote anaitwa megalodoni, jino lake linafika hadi sentimita 18, ukilishika linajaza kiganja na kupita, ila alishatoweka zaidi ya miaka milioni 3 iliyopita kwahiyo wazazi msiogope kuturuhusu kuogelea Raskazone.

Lakini mgeni rasmi kisa tunachokipenda sie ni cha samaki wa zamani anayeitwa Helicoprion. Mwaka 1899 mtaalamu wa Urusi, Karpinsky, alieleza kisukuku cha ajabu, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, meno yamejiviringa kama ukili bibi anapoukunja kabla ya kushona mkeka. Meno tu, samaki mwenyewe hayupo! Sasa yakae wapi? Wengine wakachora yamening'inia puani, wengine mgongoni, wengine mkiani, miaka zaidi ya mia watu wanabishana, mpaka 2013 kisukuku cha kutoka Idaho kule Marekani kikapigwa picha za siti skani ikaonekana mduara wote ulikaa katikati ya taya la chini. Na tena sio papa kamili, yuko karibu zaidi na ndugu zao wanaoitwa kimera. Mie nilivyosikia hivyo nikasema kumbe hata maprofesa wanakosea, basi na sie tuna nafasi.

Sasa tuje nyumbani. Vitabu vilikuwa vinasema samaki wanaoitwa silikanti wote walikufa miaka milioni 66 iliyopita, walijulikana kwa mawe tu, halafu Desemba 1938 akanaswa mmoja mzima Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji wa East London huko huko akamwona kwenye lundo la samaki na hakumwacha. Kwetu Tanzania alianza kupatikana 2003, na wavuvi wa huku, kuanzia Tanga mpaka Kigombe, wakawa wanamnasa kwenye jarife walilotega kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Ana mapezi yenye mifupa ndani kama mikono. Watu wanapenda kusema ndo babu yetu, sio kweli, kamongo wa Ziwa Victoria yuko karibu na sie zaidi yake. Na utafiti wa 2021 uliosoma mistari ya magamba yake ulikadiria anabeba mimba kama miaka 5 na anaweza kuishi karibu miaka 100, hapo akina mama nawaona mnashika vichwa. Kwahiyo akinaswa jike mmoja mwenye mimba hasara yake haizibiki leo wala kesho.

Mgeni rasmi, changamoto. Sanduku letu ni la mbao za sabuni. Muhula uliopita mtu akasafisha chumba kwa nia njema, akayamwaga meno yote kwenye ndoo moja, vikaratasi vya majina akatupa. Tulilia kweli, maana jino lisilojulikana limetoka kwa papa gani na lilivuliwa wapi linabaki pambo tu, na kazi ya mwaka mzima ndo hiyo. Kwahiyo hatuombi makubwa, kabati lenye droo na kufuli, hadubini hata moja iliyotumika, na nauli ya kwenda Singida tukaone Mahenge, kwenye mawe ya ziwa la miaka milioni 46 lililotoa visukuku vya jamaa wa kale wa perege. Hatutachukua jiwe lolote, tunajua sheria ya mambo ya kale ya 1964, tutachora na kupiga picha tu.

Ukimaliza hotuba sanduku liko meza ya nyuma, harufu imepungua sana.

Naomba kuwasilisha.