Wiki ya sita ndiyo inayokula faida ya kuku wa nyama

Mhariri,

Bei ya chakula cha kuku ikipanda, wafugaji wadogo wa Dar es Salaam na Pwani tunalalamika, na tuna haki, kwa sababu chakula peke yake huchukua kati ya asilimia 60 na 70 ya gharama zote za kuku wa nyama. Lakini mfugaji wa kuku 100 nyuma ya nyumba hana uwezo wa kupanga bei ya mfuko. Kilicho mikononi mwake ni idadi ya siku anazowalisha, na hapo ndipo fedha nyingi zinapotelea bila kuandikwa kwenye daftari.

Kuku 100 waliotunzwa vizuri hula kama mifuko sita na nusu ya kilo 50 mpaka watimize siku 35: mfuko mmoja wa chakula cha kuanzia kwa wiki mbili za kwanza, mitatu ya kukuzia kwa wiki ya tatu na ya nne, na miwili na nusu ya kumalizia. Hiyo ni kilo 3.25 kwa kila kuku, naye anakuwa na kilo 1.8 hivi akiwa hai. Amefaa kuuzwa.

Sasa tuseme mteja hajapatikana. Katika wiki ya sita kuku mmoja hula gramu 180 au zaidi kwa siku, kwa hiyo kuku 100 humaliza mfuko kabla siku tatu hazijaisha. Kama mfuko ni shilingi 80,000, kilo moja ni 1,600, na siku saba za kumsubiri mnunuzi zinameza kama shilingi 200,000, yaani 2,000 kwa kila kuku. Ni kweli uzito unaongezeka, ila wachuuzi wengi wanaofika bandani hununua kwa kichwa, si kwa kilo. Uzito uliougharamia wewe anaondoka nao yeye. Tena kuku mzito haliwezi joto la pwani, na anayekufa siku ya 40 amekufa na chakula chote alichokula.

Kwa hiyo mteja atafutwe kabla vifaranga havijalipiwa: mama lishe, wauza chipsi, majirani wenye shughuli, kila mmoja na idadi yake na tarehe yake. Ukipata oda za kuku 60, ingiza 65, usiingize 100 kwa matumaini. Na mnunuzi akikukimbia, chinja siku ya 35 au 36 na uweke kwenye friza, hata ya kukodi. Ondoa chakula kwa muda wa saa nane hadi kumi kabla ya kuchinja, ukiacha maji. Chinja kwa mafungu, wapoe kwanza kwenye maji ya barafu, ndipo waingie kwenye friza. Ukiijaza nyama yenye joto kwa mara moja, ya katikati itaharibika kabla haijaganda.

Siku zinazoongezeka mwishoni mara nyingi zimeanzia mwanzoni. Kifaranga cha gramu 40 kinatakiwa kiwe kimefika angalau mara nne ya uzito huo siku ya saba. Kikichelewa hapo, hakifidii. Banda liwe na joto la nyuzi 32 hadi 34 kabla vifaranga havijafika, na maranda yenyewe yawe na joto, maana miguu baridi hukifanya kifaranga kijikunyate badala ya kula. Wengi tunaangalia moto tu. Angalia vifaranga: wakirundikana ni baridi, wakikaa mbali na jiko huku wakihema midomo wazi ni joto kali, wakitawanyika wakila ndiyo sawa. Kesho yake baada ya kufika, shika vifaranga 20 uguse gole, kile kifuko cha chakula shingoni. Lililojaa na kulainika ni la kifaranga aliyekula na kunywa. Likiwa gumu, amekosa maji. Likiwa tupu, hajaona chakula. Wakiwa zaidi ya mmoja au wawili wa namna hiyo, ongeza sahani za chakula na vyombo vya maji siku hiyo hiyo. Anayetumia jiko la mkaa aliwashie nje mpaka liwe jekundu, na aache upenyo wa hewa juu ya ukuta, kwa kuwa hewa ya mkaa inaua vifaranga na watu.

Chakula kinachomwagika nacho kina bei. Asilimia tano ya mifuko sita na nusu ni kilo 16, theluthi ya mfuko, na inapotea kwa sababu tu vyombo vimejazwa hadi ukingoni. Jaza theluthi moja, na ukingo wa chombo uwe usawa wa mgongo wa kuku, ukiupandisha kila baada ya siku chache. Siku za joto kali, ondoa chakula saa tano asubuhi mpaka saa kumi jioni, wale alfajiri na usiku.

Kuhusu kuchanganya chakula nyumbani, tusidanganyane. Anayeongeza pumba kwenye chakula cha dukani ili mfuko udumu anawajaza kuku tumbo na kuwacheleweshea siku, na tumeona siku moja inagharimu nini. Chakula cha kuanzia kinahitaji protini ya asilimia 21 hadi 23. Soya isiyokaangwa huzuia kuku kuitumia protini hiyo, dagaa za barabarani zina mchanga, na mahindi yaliyolowa yana hatari ya sumukuvu. Kwa kuku 100, nunua kilichokamilika, na uangalie tarehe ya kutengenezwa.

Chanjo za kideri na gumboro, magonjwa mawili ya virusi yanayoua kuku, hazina mbadala. Chupa ya chanjo ikishayeyushwa kwenye maji ya kunywa inapaswa iishe ndani ya saa mbili, kwa hiyo majirani wenye vifaranga wa umri mmoja wanunue moja wagawane siku hiyo hiyo. Maji hayo yasiwe ya bomba yenye klorini, na vifaranga wanyimwe maji kwa saa moja au mbili kabla ili wanywe chanjo yote. Lakini kuwapa antibayotiki kila siku "kwa kuzuia" ni fedha ya bure, na dawa inabaki kwenye nyama tunayowauzia watu. Kinyesi chenye damu, mara nyingi, kinaanzia kwenye maranda yaliyoloa chini ya vyombo vya maji. Yatoe hayo kila siku, weka makavu.

Mhariri, gazeti lako lingetusaidia sana likichapisha kila wiki bei tatu kwa pamoja: ya kifaranga, ya mfuko wa chakula cha kukuzia, na ya kuku hai katika masoko makubwa ya Dar es Salaam kama Kisutu na Shekilango. Mfugaji akiziona hizo tatu kwenye ukurasa mmoja ataweza kuamua kabla ya kulipia vifaranga kama mzunguko huu aingize 100, aingize 50, au apumzishe banda.

Mfugaji,
Kibaha, Pwani