Nuktamkato irudishwe kwenye kazi yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni namna magazeti yetu, ofisi zetu na hata vitabu vyetu vya siku hizi vinavyotumia alama za uandishi, hususan nuktamkato (;). Nilikuwa msoma prufu katika kiwanda cha uchapaji hadi nilipostaafu, na macho yaliyozoea kazi hiyo hayastaafu. Kila ninaposhika gazeti huona alama kwanza, habari baadaye.

Inasemwa sana kwamba nuktamkato inakufa. Kwa Waingereza dai hilo lina takwimu: uchambuzi uliotangazwa mwaka 2025 na Babbel, kampuni inayofundisha lugha, ulionyesha kuwa katika vitabu vya Kiingereza cha Uingereza alama hiyo ilipatikana mara moja katika kila maneno 205 mwaka 2000, na sasa hupatikana mara moja katika kila maneno 390. Kwetu hali ni tofauti, na kwa maoni yangu ni mbaya zaidi. Nuktamkato ya Kiswahili haijafa, imehamishwa kazi. Imeondolewa pale inapohitajika, yaani kati ya kauli mbili kamili zinazobeba wazo moja, ikapelekwa kushika nafasi ya nuktambili (:), yaani kutangulia orodha.

Ushahidi uko kwenye kila ubao wa matangazo. "Waombaji wawe na sifa zifuatazo;" ndivyo linavyoanza tangazo la kazi. "Waliohudhuria ni;" ndivyo unavyoanza muhtasari wa kikao. Barua za ofisini zimejaa "Jina;", "Tarehe;" na "Yah;". Kwenye mlango wa zahanati moja niliona karatasi yenye maneno "HUDUMA ZINAZOTOLEWA NI;" na chini yake vipimo vya malaria, chanjo na kliniki ya wajawazito, kila huduma ikiwa imefungwa kwa koma, na ya mwisho ikiwa haina alama yoyote, kana kwamba mwandishi aliitwa akaondoka kabla hajamaliza. Kumbe nuktambili ndiyo yenye kazi ya kumjulisha msomaji kwamba linalofuata ni orodha au ufafanuzi wa lililotangulia. Nuktamkato humjulisha jambo jingine kabisa, kwamba kauli imekamilika lakini wazo halijaisha, kwa hiyo atue kidogo, asisimame.

Nashuku kwamba kosa hili lina chanzo kisichohusiana na sarufi hata kidogo. Kwenye kibodi ya kompyuta alama hizo mbili hukaa katika kitufe kimoja, kando ya herufi L. Ukikibonyeza peke yake unapata nuktamkato. Ukitaka nuktambili huna budi kushikilia na kitufe cha Shift. Mwandishi mwenye haraka huona alama hizo zinafanana vya kutosha, akaendelea na shughuli zake. Simu nazo zimeongeza yao, kwa sababu koma na nukta ziko mbele ya kidole wakati wote, ilhali nuktamkato imewekwa kwenye ukurasa wa pili pamoja na namba, na vijana wengi wanaijua kwa kazi moja tu ya kuchora jicho linalokonyeza.

Wapo watakaonijibu kwamba hiyo ni alama ya wageni na kwamba Kiswahili hakiihitaji, kwa kuwa tunayo -ka- ya masimulizi, tunavyo viunganishi, na sentensi fupi zinatosha. Kweli alama hiyo ilitoka mbali: mpiga chapa Aldus Manutius wa Venice ndiye aliyeanza kuitumia mwishoni mwa karne ya 15, katika kitabu cha Kilatini, na sisi tuliipokea pamoja na hati za Kirumi baada ya karne nyingi za kuandika kwa hati za Kiarabu. Lakini nukta na koma tulizipokea vilevile, na hakuna anayezikataa. Hoja ya sentensi fupi naikubali kwa habari ya ajali au ya matokeo ya mpira. Siikubali kwa makala, kwa hukumu wala kwa sheria. Zaidi ya hayo, lugha yetu inapenda sana kuweka kauli mbili bega kwa bega pasipo kiunganishi, na kumwachia msikilizaji aone mwenyewe uhusiano wake. "Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe." Ukiweka nukta hapo katikati methali inakatika vipande viwili visivyojuana, na ukiweka koma uzito wa hiyo siku ya tatu unapungua.

Kwa upande wa sheria, jambo hili si la urembo. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, kazi ya kuandika na kutafsiri sheria kwa Kiswahili imekuwa kubwa, na katika sheria nuktamkato ndiyo inayotenganisha aya na aya. Katiba yetu ya 1977 yenyewe inaonyesha njia: ibara ya 9 ina sentensi moja ndefu yenye aya nyingi zinazoanza na neno "kwamba", ya kwanza ikihusu utu na haki za binadamu, ya pili ikihusu kulindwa kwa sheria za nchi, na msomaji hapotei kwa sababu aya hizo zimetenganishwa kwa nuktamkato. Ziondoe, uweke koma, kisha umwombe mwanafunzi wa kidato cha nne akuonyeshe aya moja inapoishia.

Wamarekani walijifunza hilo kwa gharama. Sheria ya kazi ya jimbo la Maine ilikuwa inawaondoa katika malipo ya saa za ziada watu wanaofanya kazi fulani za vyakula, nazo ziliorodheshwa kwa koma: kusindika, kugandisha, kukausha, kuhifadhi na kadhalika, hadi mwisho ambapo palikuwa na maneno yenye maana ya kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walikwenda mahakamani wakiuliza kama kusambaza ni kazi inayojitegemea katika orodha hiyo au ni sehemu tu ya kufungasha. Wao walikuwa wasambazaji, hawakufungasha chochote. Kwa kuwa hapakuwa na koma kabla ya "au", mwaka 2017 mahakama ya rufani iliona kwamba maandishi hayo yana utata, ikawapa haki madereva, na mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5 ili kumaliza shauri. Bunge la jimbo liliporekebisha kifungu hicho halikuridhika na kuongeza koma moja iliyokosekana. Liliweka nuktamkato kati ya kila kazi na kazi.

Nikirudi kwetu, koma nayo ina msiba wake, na hapa gazeti lako halina pa kujificha. "Mkuu wa Wilaya, amewataka wananchi kulinda vyanzo vya maji." "Wakulima wa korosho, wameiomba Serikali." Koma hiyo inatenganisha kiima na kiarifu chake, na hakuna kanuni inayoiruhusu. Naelewa inakotoka. Tumelelewa katika ushairi, ambamo mshororo hugawanywa kwa koma kati ya ukwapi (kipande cha kwanza) na utao (kipande cha pili) bila kujali sarufi inasemaje, na katika methali, ambazo vitabu vingi huzichapa kama "Haba na haba, hujaza kibaba" ili kuonyesha pumzi ya msemaji. Katika ushairi na methali iachwe ibaki. Habari ya ukurasa wa kwanza haiimbwi, na mwandishi wake anapaswa kuweka koma panapodaiwa na muundo wa sentensi, si pale anapovuta pumzi.

Kosa linalofanana na hilo, ila lenye madhara zaidi, liko katika vishazi vya "ambao". Ukiandika "Walimu ambao hawajalipwa wamegoma," unamaanisha kuwa wapo waliolipwa, na hao wako darasani. Ukiandika "Walimu, ambao hawajalipwa, wamegoma," umesema hakuna mwalimu aliyelipwa na hakuna aliye kazini. Tofauti yake ni koma mbili, na ofisa elimu akilalamikia habari ya aina ya pili atakuwa na haki. Tena hapo kwenye simu na kompyuta hakuna cha kusingizia; koma iko mbele ya kidole.

Mengine nayapitia haraka. Swali lililoripotiwa halichukui alama ya kuuliza, kwa hiyo "Alitaka kujua nani amechukua fedha hizo?" si sahihi. "Je" ya mwanzo wa swali hufuatwa na koma. Nukta mbili zinazofuatana (..), ambazo sasa zimezagaa hata katika vichwa vya habari, si nukta wala si vidukuduku (...), na alama tatu za mshangao hazishangazi kuliko moja. Koma hukaa mara baada ya neno, na nafasi huachwa baada yake, si kabla. Katika "ng'ombe" na "ng'ambo" ritifaa (') si pambo, kwa maana pasipo hiyo sauti yenyewe inabadilika.

Sitaki kuwatwika walimu lawama zote. Alama za uandishi zimo katika mafunzo ya shule ya msingi, na Kenya watahiniwa wa kidato cha nne huombwa kuakifisha sentensi, yaani kuziwekea alama, katika mtihani. Tatizo liko baadaye, kazini, ambako vyumba vingi vya habari vimeondoa wasoma prufu na kumwachia mwandishi ajisahihishe mwenyewe saa ambayo ukurasa unatakiwa kwenda mtamboni. Ombi langu kwako ni la mambo mawili: kwanza, mwongozo wa ndani wa gazeti uwe na ukurasa mmoja wa alama, wenye mifano iliyotolewa katika habari zenu wenyewe, pili, taarifa zote za uteuzi na za kamati zisomwe na mtu asiyeziandika. Wiki iliyopita mliandika kuhusu kamati inayoundwa na (nabadilisha majina) "Asha, mhasibu wa chama, Juma, katibu wa kata, Mwajuma na Hamisi, wakulima wa mpunga". Je, hao ni watu wanne au ni sita? Iandikwe hivi: "Asha, mhasibu wa chama; Juma, katibu wa kata; Mwajuma na Hamisi, wakulima wa mpunga", na hakuna atakayepiga simu kuuliza.

Nimeambatisha nakala za kurasa zenu za habari za toleo hilo, nilizozisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kurasa za michezo sikuzigusa. Huko kunahitaji mtu mwenye umri mdogo kuliko wangu.

Wako katika lugha,
Msoma prufu mstaafu,
Morogoro